MAKTABA NA MKULIMA WA UFIPA

Mwaka 1967 Taifa letu lilifanya mambo mawili ambayo makada ni nadra kuyataja pamoja. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. La kwanza tumelifundisha katika madarasa ya itikadi. La pili tumewaachia wakutubi, kana kwamba vitabu ni shughuli ya wataalamu na siasa ni shughuli yetu. Utengano huo ni kosa la kinadharia, na matokeo yake huonekana kila bajeti ya halmashauri inapopangwa.

Hoja inayotumiwa kuinyima maktaba fedha inajulikana: maktaba haizalishi. Zahanati inatibu, barabara inapitisha mahindi, kisima kinatoa maji, lakini kitabu kinakaa rafuni. Wanaoisema hoja hii wengi wao wana nia njema, na kwa sababu hiyo inastahili kujibiwa.

Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya jitihada za Elimu ya Watu Wazima, majaribio ya kitaifa ya 1977 yalionyesha wamebaki 27, na yale ya 1986 chini ya 10. Ushindi huo haukuletwa na ubao na chaki peke yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyowashirikisha watu wapatao milioni mbili, ilikwenda kwa redio na kwa vijitabu: kikundi kilisikiliza, kikasoma, kikajadili, kisha kikachimba choo. Je, kijitabu hicho hakikuzalisha?

Kisha uchumi ukayumba, ikaja vita ya 1978–79, na kuanzia 1986 masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Sensa ya 2002 ikakuta kwamba wanaojua kusoma na kuandika, miongoni mwa wenye miaka 15 na zaidi, ni karibu 69 katika kila 100. Tarakimu hizi zisilinganishwe kwa pupa, maana mtihani wa kisomo na swali la karani wa sensa si kitu kimoja. Hata hivyo, kila mwalimu wa kisomo anajua kwamba aliyejifunza herufi akakosa cha kusoma huzisahau.

Sasa tuitazame Ufipa. Maktaba ya mkoa iko Sumbawanga mjini. Kijana wa Kasesya, mpakani na Zambia, yuko mbali nayo karibu kilomita 100, kupitia Matai. Kasesya ni lango la biashara. Kijana huyo anahitaji kujua masharti ya forodha, magonjwa ya mahindi na sheria ya ardhi. Asipokuwa na pa kusoma, atamtegemea mtu wa kumsomea, na mtu huyo atatoza. Unyonyaji wa namna hii hauna kelele, ndiyo maana hatuuoni. Wengine watasema siku hizi kuna simu. Simu hutaka bando, na anayechagua kitakachosomwa ndani yake si umma.

Tena liko suala la kujitambua. Wafipa walifua chuma katika tanuri ndefu, na walilima ntumba kwa kufukia majani yageuke mbolea. Kitabu kikubwa kuhusu dola za kale za Ufipa kiliandikwa na Mwingereza, Roy Willis, kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 1981. Mgeni kuandika si kosa. Kosa ni mjukuu wa mfua chuma kulazimika kufika chuo kikuu ndipo asome habari za babu yake. Kasumba hiyo haitatibiwa na makasha ya vitabu vya msaada vinavyosimulia theluji. Kwa hiyo tunapodai fedha za maktaba, tudai za kuta na pia, kwa nguvu zaidi, za kununua na kuchapa vitabu vya Kiswahili.

Fedha zitoke wapi? Bodi ya Huduma za Maktaba ina sheria yake ya 1975, lakini mfuko mmoja wa Dar es Salaam hauwezi kufika kila kata. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uoneshe njia: Manispaa ya Sumbawanga na Wilaya ya Kalambo zitenge japo asilimia 1 kwa vitabu. Sehemu ya mapato hayo ni ushuru wa mazao, yaani jasho la mkulima huyohuyo. Ianzwe na masanduku ya vitabu yanayozunguka hadi Matai na Kasesya, chumba katika ofisi ya kata, na posho ya mtunzaji. Chumba hicho kifunguliwe jioni na siku ya mnada. Kikifuata saa za ofisi, kitamhudumia karani tu.

Madiwani walio wengi wanatokana na Chama. Basi kabla rasimu ya bajeti haijafika barazani, makada wa Rukwa waulize ndani ya vikao vya Chama, na wadai jibu la tarakimu: mwaka jana, shilingi ngapi zilinunua vitabu?