Bukari ya Mtu Mmoja

Ijumaa alasiri mji wa Louvain-la-Neuve, huko Ubelgiji, huanza kuhama. Vijana wa nchi huburuta masanduku yao hadi stesheni, ndani mna nguo za juma zima zinazokwenda kufuliwa nyumbani, na giza likiingia jengo lililokuwa na kelele za vyumba vinane limebaki na taa moja. Mji wenyewe ulijengwa kwa ajili ya wanafunzi, baada ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kugawanyika mwaka 1968 na upande wa Kifaransa kuhamishiwa kwenye mashamba ya Brabant miaka michache baadaye. Wanafunzi wakiondoka, kinachobaki ni matofali na upepo. Taa ile moja mara nyingi ni ya mgeni: Mvietinamu, Mkameruni, au kijana aliyetoka kwetu Lubumbashi, wa Katuba, wa Kamalondo, wa Kenya (mtaa wetu, siyo nchi). Tangu saa hiyo hadi Jumapili usiku hatasemeshwa na mtu. Wazazi huulizana kwa simu atazimalizaje siku hizo mbili, na ushauri wao ni ule ule: asali, asome, alale. Mimi naongeza la nne, na nalichukulia kwa uzito sawa na hayo matatu. Ajipikie bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, na aipike sawasawa. Kazi hiyo ni ufundi kamili, na upweke ndio unaoufanya uonekane.

Huku kwetu bukari haihesabiwi kuwa ufundi, kwa sababu kila nyumba inaipika kila siku, na kitu cha kila siku hakipigiwi makofi. Sifa huenda kwa mboga: sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa ikalainika, lengalenga yenye karanga, samaki wadogo wa ndakala waliokaangwa wakakauka vizuri. Bukari yenyewe husemwa ikiharibika tu. Lakini mtazame anayeijua. Maji yakiwa bado vuguvugu anamimina unga uliokorogwa kwa maji baridi, na hauachi mwiko mpaka uji uchemke. Kisha anauacha uive. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa haraka. Chembe za wanga wa mahindi huanza kuvimba na kupasuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 72 hivi, na uji usipopewa muda wake, unga utakaoongezwa juu yake utabaki na ladha ya ubichi hata ukisongwa hadi kesho. Uji ulioiva huruka matone mazito yanayochoma mkono, na harufu yake hubadilika: ile harufu ya ghala huondoka, ikaja nyingine iliyo karibu na ya mkate. Baada ya hapo ndipo mkono unapotia unga mkavu kidogo kidogo, mahindi kwanza, na kwa wanaopenda bukari inayovutika, unga wa muhogo mwishoni. Mwiko hukandamiza donge kwenye ukuta wa sufuria, huligeuza, hulikandamiza tena. Hakuna saa inayoonyesha mwisho. Mwisho unajulikana bukari inapoachia ukuta wa sufuria, na mkono unapohisi uzito umekuwa mmoja, hauna tena sehemu laini na sehemu ngumu.

Sasa mpe mpishi huyo huyo kazi ya kumpikia mtu mmoja. Watu hudhani kazi imepungua, kumbe imeongezeka. Sufuria ya watu kumi ina uzito wake, inakaa imara juu ya babula, jiko letu la makala, na ikitikisika kuna mguu wa kuikanyaga au mtoto wa kuishika. Kisufuria cha mwanafunzi ni chepesi. Ukisonga, nacho kinazunguka na mwiko, kwa hiyo mkono wa kushoto lazima ukamate mpini kwa kitambaa muda wote. Maji machache yanakauka haraka kuliko mengi, na kosa la kiganja kimoja cha unga, ambalo katika sufuria kubwa lisingetambulika, hapa linaigeuza bukari kuwa jiwe. Jiko la umeme nalo halitii kama makala: ukilizima, bamba linaendelea kuchoma. Hata maji si yale. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, ilhali tambarare za Ubelgiji ziko chini na maji yao hukaribia 100. Juu ya hayo yote kuna suala la unga. Dukani yeye atakuta polenta, ambayo ni ya njano na ina chenga, au wanga mweupe wa kuzitilia supu uzito, ambao ukiusonga unapata gundi. Unga wa kwetu, au unaokaribia, utapatikana Matonge, mtaa wa Waafrika huko Ixelles, Brussels, ambako pia kuna sombe iliyogandishwa. Asiyeweza kusafiri atafute njia: polenta iloweshwe mapema, ipikwe muda mrefu zaidi, ishikizwe kwa unga wa muhogo. Kila hatua ni uamuzi, na hakuna wa kumwuliza.

Kuna atakayesema ninatukuza hamu ya nyumbani tu, na kwamba kijana aliyelipiwa safari kwa jasho la ukoo mzima hapaswi kupoteza Jumamosi akilia juu ya sufuria. Hoja hiyo ina uzito, ila imeidhania kazi hii kuwa jambo jingine. Mtu aliyelemewa na hamu hutaka kile kile alichokiacha, na kwa kuwa hakipati, hukaa akitazama picha kwenye simu. Anayepika hana nafasi hiyo. Analazimika kushughulika na unga uliopo, jiko lililopo, maji yaliyopo, la sivyo uji unaungua. Na hapo anafanya kile kile ambacho akina mama wa Lubumbashi wamekifanya siku zote, maana bukari ya kwetu haijawahi kuwa na unga mmoja. Unga mwingi tunaokula hupita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikizuia mauzo ya nje, bei inapanda sokoni na nyumba zinahamia unga wa Afrika Kusini, au wa kinu cha jirani, au zinaongeza muhogo. Kila unga unakunywa maji kwa kipimo chake, na mkono unajifunza upya. Mahindi yenyewe, pamoja na muhogo, yalivuka bahari kutoka Amerika kabla ya kuwa chakula cha mababu zetu. Kijana anayehangaika na polenta yuko ndani ya desturi hiyo kabisa. Kuhusu masomo sina mengi ya kusema: bukari haimalizi saa moja, na sombe inayohitaji saa mbili motoni inamruhusu mtu kufungua kitabu kando yake.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwetu wenyewe. Kwetu chakula kina watu. Bukari huwekwa katikati, mikono hunawishwa, mtoto wa jirani aliyekutwa uani huitwa, na nyumba inayofunga mlango wakati wa kula hujijengea sifa mbaya, ya uchoyo kwanza, na baadaye ya uchawi. Kula peke yako kunanuka pia utawala. Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo, la hapa hapa Lubumbashi, lilitengeneza mchezo mzima juu ya msemo uliokuwa ukitajwa kwa Kifaransa, kwamba utawala huliwa mzima. Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliufuatilia utengenezaji wake na kuuandikia kitabu. Katika nchi iliyokuwa chini ya Mobutu hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya mtu mmoja kujilia kitu kizima. Basi inakuwaje tumsifu mtu aliyejifungia jikoni na sahani moja?

Jibu langu la kwanza ni kwamba uchoyo unahitaji mtu wa kunyimwa, na katika jengo lile la Ijumaa usiku hayupo. La pili ni zito zaidi. Mtu asiyeweza kujipikia huja kwenye meza ya wenzake akiwa mlaji tu, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Anayejua kupika ya mtu mmoja anaweza kupika ya watu wanane, na Jumapili usiku masanduku yale yanaporudi, jikoni kuna sombe ya kuonjwa na mtu wa kuieleza. Ugeni hupungua zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa mialiko anayongojea. Nakubali hata hivyo kwamba hatari ipo. Kijana anayekula na mlango umefungwa hata siku ambazo wenzake wapo, huyo amehama kutoka kwenye ufundi akaingia kwenye kujificha, na wazazi wanapaswa kumsikiliza kwa makini anapopiga simu. Ninachokisifu kina mipaka ya siku mbili.

Na historia iko upande wangu, kwa sababu mji wetu wa Lubumbashi wenyewe ulianzishwa na watu wa namna hiyo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ikaanza. Waliokuja kuchimba na kuyeyusha shaba walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, baadaye Rwanda na Burundi, wengi wao wanaume waliokuja bila wake, kwa mikataba mifupi. Hadi katikati ya miaka ya 1920 kampuni iliwataka hivyo, na ni kuanzia 1928 hasa iliposhika siasa ya kuwatuliza kambini pamoja na familia zao. Kabla ya hapo posho ilikuwa unga, na mwanamume aliyelelewa akipikiwa na mama na dada alilazimika kujua maji yanatosha lini. Wengine walipata kazi kwenye nyumba za Wazungu, wakajua pia kupika vyakula vya Kibelgiji. Mwaka 1965 watumishi hao wa zamani walipata mwandishi wao, André Yav, aliyetunga historia ya mji huu kwa Kiswahili cha Katanga, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Kwa hiyo anayesema kupika bukari ni kazi ya wanawake, kijana wa kiume hapaswi kujishughulisha nayo, asome kwanza mji wake ulivyoanza. Mzee wa kambini na mwanafunzi wa Louvain-la-Neuve wanasonga sufuria ile ile, wote wawili mbali na kwao.

Kinachobaki ni kile ambacho kupikia wengine hakiwezi kukupa. Ukimpikia mgeni, una hofu yake na shukrani yake. Bukari ikiwa mbovu atakuambia ni nzuri, ukiipika vizuri atakushukuru hata kama hakuona tofauti. Anayejipikia hana shahidi. Anaweza kuacha madonge, akala hivyo hivyo mbele ya kompyuta, na hakuna atakayejua. Akiamua kuyavunja yale madonge, akaifunika bukari juu ya moto mdogo kwa dakika zile mbili za mwisho, akalowesha bakuli ili itoke ikiwa na umbo, basi amefanya vizuri kwa sababu kazi inastahili kufanywa vizuri, na kwa sababu mlaji huyo mmoja naye anastahili. Mwanafunzi aliye ugenini huambiwa mara kwa mara, kwa maneno na bila maneno, kwamba yeye ni namba ya faili, kibali cha kukaa, mtu wa kuthibitisha diploma yake. Jumamosi mchana, mbele ya sahani aliyoiandaa kwa uangalifu, anatendewa kama mtu, na aliyemtendea hivyo ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana naona tunawaandaa watoto wetu nusu. Tunatafuta pasipoti, tunatafsiri vyeti, tunanunua koti zito, tunakusanya fedha za tiketi kwa shangazi na wajomba, na siku ya kuondoka tunamtilia kilo tano za unga kwenye sanduku bila kumuuliza kama anajua kuusonga. Mwezi mmoja kabla ya safari apewe kisufuria kidogo, kile cha kuchemshia maziwa, na kikombe kimoja cha unga. Aachwe jikoni peke yake, dada zake wakae nje. Akitoa jiwe, alile. Akitoa uji, aunywe. Kesho yake apewe kikombe kingine, na safari hii kiwe cha unga tofauti.