Tangi Linaloachika: Namna ya Kuupima Utunzaji wa Kamba Mwenyewe Akiwa Safarini

Ukitaka kujua kama mtu anaujua kweli ufugaji wa kamba wa mapambo, mtembelee wiki moja kabla hajaenda likizo. Asiyejua utamkuta ameloa mpaka viwikoni: anabadilisha nusu ya maji, anasugua chujio mpaka ling'ae, na amenunua kamba wapya ili tangi lipendeze. Anayejua utamkuta hana kazi kubwa. Kazi yake aliimaliza miezi kadhaa nyuma, na sasa anatazama tu.

Nazungumzia hasa Neocaridina davidi, kamba mwekundu wa maji baridi kutoka Asia ya Mashariki, ambaye wengi huanza naye. Jamaa yake mwenye mistari myekundu na myeupe, aliyezalishwa na Mjapani Hisayasu Suzuki katika miaka ya 1990, ni mwepesi zaidi wa kudhurika. Kwake vigezo vifuatavyo vikazwe.

Soma umri wa tangi

Tangi changa haliachiki, hata likiwa zuri namna gani. Amonia na naitraiti ziwe sifuri, naitreti isizidi miligramu 20 kwa lita, na vipimo hivyo visibadilike kwa wiki kadhaa mfululizo. Kipimo kizuri cha siku moja hakithibitishi kitu.

Jicho lililozoea halihitaji hata vipimo. Tazama watoto. Jike hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki tatu hadi nne ndipo yaanguliwe, hivyo ukiona watoto wa rika tatu tofauti, ujue maji yametulia kwa miezi. Kisha tazama kioo cha nyuma na vipande vya mti. Mfugaji hodari hufuta kioo cha mbele peke yake. Kwingine huacha mwani na utando laini uote, kwa sababu hayo ndiyo malisho ya kamba usiku na mchana.

Chakula: kidogo kinashinda kingi

Kamba wazima katika tangi lililokomaa hukaa wiki moja, hata mbili, bila kulishwa. Huo utando unawatosha. Wanaokufa wakati wa likizo mara nyingi huuawa na huruma: jirani anawaona wadogo, anawaongezea chakula, mabaki yanaoza, amonia inapanda, na minyoo bapa inatapakaa kwenye kioo. Kwa safari ndefu, mtunzaji bora hufunga chakula cha kila siku ya kulisha katika kijikaratasi chake, mara moja au mbili kwa wiki, kisha analificha kopo la chakula. Vile vidonge vikubwa vya likizo vinavyoyeyuka polepole avikatae. Huchafua maji kuliko vinavyoshibisha.

Badala yake, aweke jani la mkungu. Wakazi wa pwani wanao mti huu uani na barabarani, ilhali wafugaji wa Ulaya hulinunua jani hilo hilo dukani. Jani zuri limeanguka lenyewe, ni la kahawia kote, ni kavu, halina ukungu mweupe wala harufu ya mafuta. Liokotwe mbali na vumbi la magari na mahali palipopigwa dawa, lioshwe, lilowekwe katika maji ya moto, kisha litumbukizwe siku chache kabla ya safari. Jani moja kwa lita 40 linatosha. Huoza taratibu kwa wiki kadhaa, na kamba hula utando unaoota juu yake mpaka ibaki mishipa mitupu.

Maji yanayopungua

Maji yakipungua kwa joto, madini hayaondoki. Tangi la lita 40 likibaki na lita 36, ukali wa madini umeongezeka kwa asilimia 11 hivi. Kwa hiyo linalofaa kuongezwa ni maji yasiyo na madini, yaliyotoneshwa au kuchujwa kabisa, kidogo kidogo. Maji ya bomba yana klorini. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi, lakini yamepita kwenye mirija ya shaba, na shaba ni sumu kwa kamba. Alama ya mtu makini ni mfuniko juu ya tangi na kipande cha utepe kwenye kioo kinachoonyesha maji yafike wapi.

Kubadilisha maji mengi siku ya kuondoka ni kosa kubwa. Mabadiliko ya ghafla humsukuma kamba kujivua gamba kabla ya wakati. Akishindwa kulitoa, pete nyeupe hutokea nyuma ya kichwa, na wengi hawaponi. Abadilishe asilimia 10 wiki moja kabla, basi.

Umeme na joto

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa halimezi watoto, na umeme ukirudi huanza lenyewe. Chujio la kopo lililofungwa hukosa oksijeni likisimama kwa saa nyingi. Bakteria wazuri wanakufa ndani yake, na likiwaka tena linautema uchafu wote tangini. Pampu ndogo ya betri inayojiwasha umeme ukikatika ni ununuzi wenye maana kuliko mashine ya kulishia.

Joto nalo lipimwe pamoja na hewa. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Likizo ya Desemba Dar es Salaam au Mombasa ina maana ya chumba kilichofungwa chenye joto kali. Feni juu ya maji hupunguza nyuzi chache, ila huyakausha upesi, kwa hiyo anayeiwasha lazima awe amepanga nani ataongeza maji.

Mwangalizi

Mchague mtu anayeweza kutogusa kitu. Mjaribu kabla ya kuondoka: mwonyeshe gamba lililovuliwa na umwulize ni nini. Gamba ni tupu na hupitisha mwanga, nalo liachwe, kwa kuwa kamba hulila wapate madini. Maiti ni ya rangi ya waridi, nzito, kama iliyopikwa. Hiyo itolewe mara moja.

Agizo moja liandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa mlangoni: dawa ya mbu isipulizwe katika chumba hiki. Dawa hizo huua kamba kama zinavyoua wadudu, na pampu ya hewa huzivuta kutoka chumbani na kuzisukuma moja kwa moja majini. Anayeacha karatasi tatu za maagizo lakini amelisahau hili, hajaiva.

Hukumu ya mwisho usiingoje safarini. Mwezi mmoja kabla ya likizo, kaa nyumbani siku saba bila kulisha, bila kusafisha, bila kugusa chochote isipokuwa kuongeza maji. Siku ya nane dondosha punje moja ya chakula. Wakitoka mbio wakubwa kwa wadogo, kata tiketi. Wakijificha, au ukikuta maiti, usinunue kifaa kingine: ahirisha safari, au wahamishie kwa mfugaji ambaye tangi lake linaachika.