Ukali wa Mkuu wa Bendi: Nidhamu au Nyarubanja?

Katika majadiliano yetu na wanafunzi na makada wa Bukoba na Muleba, kila tunapogusa muziki wa dansi husikika kauli moja: bendi haiendi bila mkuu mkali. Wanaosema hivyo wana mifano, na mifano yenyewe si ya kupuuzwa, kwani bendi za wakuu wakali zimepiga vizuri, zimedumu na zimejaza kumbi. Wapo ndugu wengine wanaojibu kwamba ukali ni tabia mbaya ya mtu, na dawa yake ni kumpata mkuu mwenye utu. Sisi tunaona pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea mahali pamoja. Zote zinamtazama mtu. Hazitazami vyombo ni vya nani.

Tuanze na ziara, maana huko ndiko jambo hili linakojifunua. Bendi zilikuja Kagera kufuata fedha ya kahawa. Zilivuka ziwa usiku kwa meli kutoka Mwanza, zikapiga Bukoba mjini, kisha zikapanda lori kwenda Kamachumu, Muleba na Nshamba. Katika safari hiyo nauli, chakula, mahali pa kulala na hesabu ya mlangoni vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mwanamuziki aliyegombana na mkuu wake Magomeni angeweza kurudi kwake kwa miguu. Aliyegombana naye Nshamba hakuwa hata na nauli ya kuvukia ziwa. Ndiyo sababu mkuu aliyekuwa mpole mjini aligeuka simba akifika mikoani. Tabia yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni uwezo wa mfanyakazi kuondoka.

Mmoja wetu tunaoandika makala hii alipiga gitaa la rithimu katika ziara ya namna hiyo miaka ya 1980. Mvua ya Kamachumu ilinyesha mchana kutwa, lori likakwama, na wanamuziki wakashuka kulisukuma wakiwa wamevaa viatu vya jukwaani kwa sababu hawakuwa na vingine. Usiku ule mkuu alipita mstarini kabla ya dansi na kuandika faini: kiatu chenye tope, kiasi kadhaa. Aliyesukuma zaidi ndiye aliyekatwa zaidi! Siku ya malipo mpiga tumba mmoja alikuta anadaiwa na bendi aliyoitumikia ziara nzima. Jina la bendi hiyo tunaliacha. Tukilitaja, wasomaji watadhani tumemaliza kazi ya uchambuzi kwa kumpata mkosaji.

Tena faini ya viatu haikuvumbuliwa Muleba. Inajulikana duniani kwamba James Brown wa Marekani aliwatoza wanamuziki wake faini kwa kuchelewa, kwa kukosea noti na kwa viatu visivyong'aa. Alikuwa akicheza jukwaani huku mkono wake ukimwashiria aliyekosea kiasi atakachokatwa, na watazamaji wakidhani ni mtindo wa dansi. Wanamuziki wake walimwita Bwana Brown. Mfano huu ndio unaopendwa sana na watetezi wa ukali, maana hakuna anayeweza kukana kwamba bendi ile ilipiga kwa umoja wa ajabu. Basi tuuchunguze vizuri.

Mwaka 1970, huko Columbus katika jimbo la Georgia, wanamuziki wa Brown walimkabili kwa madai ya malipo, wakisema hawapandi jukwaani mpaka yatimizwe. Brown hakukubali. Alileta kwa ndege vijana wa Cincinnati waliojulikana kama Pacemakers, akiwamo mpiga besi Bootsy Collins na kaka yake mpiga gitaa Catfish, wakapiga badala ya wakongwe. Mwaka ule ule vijana hao walirekodi naye muziki ambao hadi leo unasifiwa kuwa miongoni mwa kazi zake bora. Watetezi wa ukali husoma habari hii kama ushindi wa mkuu. Sisi tunaisoma kinyume. Vijana wale hawakuwa wamekuzwa na faini zake. Walijifunza kusikilizana kwao, katika mazoezi yao wenyewe na katika kazi za studio. Umoja ule walikuja nao. Faini haikuuzaa; iliukuta tayari, ikajipa sifa yake. Na mwaka 1971 Collins naye akaondoka.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo mkuu wa bendi hufaidika yanapochanganywa. Nidhamu ya kazi huzaliwa na kazi yenyewe. Mpiga besi akitangulia nusu ya pigo, wachezaji ukumbini wanahisi, na wenzake wanamgeukia kabla mkuu hajasema neno. Bendi hujirekebisha kila dakika kwa masikio ya wote. Faini haina msaada hapo, pigo limeshapita. Kazi ya faini ni kuonyesha nani anakata na nani anakatwa, na kupunguza mishahara bila kutangaza kwamba mishahara imepunguzwa.

Watu wa Kagera hawahitaji kwenda Georgia kulielewa jambo hili. Wazee wa Ihangiro, yaani Muleba ya leo, waliijua nyarubanja. Ardhi ilitolewa na Mukama kwa watu wake, pamoja na wakulima waliokuwa tayari wanaishi juu yake. Mkulima akawa mtwarwa. Alipanda migomba, aliitunza, aliivuna, na akatoa sehemu ya jasho lake kwa mtwazi ambaye hakushika jembe. Akifukuzwa aliiacha migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Bila shaka walikuwapo watwazi wakali na watwazi wapole. Lakini sheria ya mwaka 1965 iliyowakomboa watwarwa haikuwataka mabwana wawe wapole. Iliuvunja uhusiano wenyewe.

Weka gitaa mahali pa kibanja na utaiona bendi. Gitaa, spika, jenereta, lori na jina lililoandikwa kwenye lori ni vya mkuu au vya tajiri aliye nyuma yake. Mwanamuziki analeta vidole, koo na nyimbo alizotunga. Akiondoka nyimbo zinabaki zinapigwa chini ya jina lile lile, kama migomba. (Kuna mtunzi aliyewahi kutuambia kwamba alilipa kiingilio ili asikie wimbo wake mwenyewe ukiimbwa na mwingine. Alicheka aliposema hivyo, sisi hatukucheka.)

Ulinganisho huu haukomi kwenye uhai wa mkuu. Franco Luambo aliiongoza OK Jazz ya Kongo kwa miaka mingi, nayo ikakua mpaka ikawa na wanamuziki kadhaa wenye vipaji vya kuongoza bendi zao. Alifariki Oktoba 1989. Wanamuziki waliendelea kupiga, lakini miaka michache baadaye walivutana na familia ya marehemu kuhusu mapato ya bendi, na wengi wao wakajitenga na kuunda Bana OK. Waliofanya kazi miaka 20 na zaidi waligundua kwamba jina walilolijenga lilikuwa la warithi. Mtoto wa mtwazi naye alirithi watwarwa.

Lazima sasa tujikosoe wenyewe, maana kada anayesoma hapa ameshaanza kusema kwamba sisi tulilimaliza tatizo hili kwa kuziweka bendi mikononi mwa umma. Ni kweli kwamba NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walipata mshahara wa mwezi, jambo ambalo wapiga muziki wengi wa Afrika hawakulijua. Hatua hiyo ilikuwa kubwa na hatukubali idharauliwe. Lakini wanamuziki waliendelea kuhama. Mwaka 1978 wenye majina walikusanyika katika Mlimani Park, bendi ya shirika la umma la teksi, ambayo baadaye ilipita mikononi mwa DDC. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar wakaiacha na kwenda Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Wapo waliowaita wasaliti wa umma. Swali hilo halikuulizwa vizuri. Ikiwa vyombo ni vya umma lakini mpiga muziki haoni hesabu ya mlangoni, hana sauti katika kupanga ziara, na wimbo wake unaandikwa kwa jina la bendi, basi kwake yeye kilichobadilika ni anwani ya mwajiri tu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubwana wa viongozi juu ya walio chini yao. Katika viwanda wafanyakazi waliuchukua wakausoma mbele ya mameneja. Katika bendi, kwa kadiri tulivyoona, ulibaki kabatini.

Orchestra Maquis ilijaribu njia nyingine: waanzilishi wake walijiundia kampuni, OMACO. Njia hii ina mafunzo kuliko hotuba nyingi, lakini kila kampuni ya namna hiyo iulizwe swali moja: anayeingia mwaka wa tano ni mwenye hisa au kibarua? Ikiwa ni kibarua, waanzilishi watakuwa watwazi wapya, tena watwazi wanaopiga gitaa.

Wapo wanafunzi wanaotuambia turudi kwenye nanga, kwa kuwa mpiga nanga wa Kihaya ana chombo chake mwenyewe, kipande cha mti na uzi, na hakuna wa kumkata faini. Tunaiheshimu nanga. Lakini nanga ni ya mtu mmoja, na dansi ni kazi ya watu wengi pamoja. Kuikimbia kazi ya pamoja kwa sababu imetekwa na mabwana ni kuwaachia mabwana ushindi.

Leo sheria zipo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na mpigaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inambana mwajiri asijikatie mshahara wa mtu apendavyo. Lakini mpiga tumba asiye na mkataba wa maandishi atalifikishaje shauri lake mbele ya yeyote? Kwa hiyo tunapendekeza kwa makada wa wilaya za Bukoba na Muleba jambo dogo la kuanzia. Bendi inapofika kuomba ukumbi au uwanja wa halmashauri, iombwe ionyeshe mikataba ya wanamuziki wake. Tiketi zihesabiwe usiku ule ule, mbele ya mjumbe mmoja aliyechaguliwa na wapigaji wenyewe na wala si na mkuu, na mjumbe huyo atie sahihi. Na kabla lori halijaondoka kwenda Nshamba, kila mmoja awe na nauli yake ya kurudia, mfukoni mwake mwenyewe.