Saa 24 za Jack Bauer

Msimu wa pili wa 24 (2002–2003) tuliutazama Kisauni kwa DVD za kuazimana, tukishangilia kama mpira. Kuna bomu la nyuklia Los Angeles, saa inakimbia, na Jack Bauer anamwonyesha mshukiwa mwanawe akipigwa risasi kwenye video, ili aseme. Baadaye tunaambiwa yalikuwa maigizo, mtoto yu hai. Hapo ndipo tulipochezwa shere: mshukiwa ni gaidi kweli, bomu lipo kweli. Mwandishi keshahukumu kabla Jack hajainua mkono. Sisi kazi yetu makofi tu.

Huku mtaani nani anajua mwisho wa hadithi? Katiba ya 2010, kifungu cha 49, nayo imetaja saa 24: ukikamatwa, ufikishwe kortini kabla hazijaisha. Halafu mwaka 2016 HAKI Africa ikatoa ripoti yenye watu 81 wa Pwani, waliouawa au kupotea tangu 2012, lawama zikielekezwa kwa polisi. Kichwa chake ni swali: familia tuziambie nini? Nimeisoma mara mbili, na mara zote nilikuwa nangoja, kijinga, kile kipande ambapo mtoto anatokea yu hai.