Mshona Vitabu wa Lanet

Kwenye kituo cha matatu cha Lanet, pale magari yatokayo Nairobi yanapopunguza mwendo kabla ya kuingia mjini Nakuru, kuna fundi viatu ambaye hushona vitabu pia. Viatu ndivyo vinavyomlipia kodi ya kibanda na kumnunulia unga. Vitabu huvitia ndani ya sanduku la bati visishike vumbi, akavitoa jioni, baada ya kusugua rangi ya viatu mikononi kwa sabuni ya kipande na kujikausha hadi katikati ya vidole. Mteja mwenye haraka hamwezi. Atakuambia urudi keshokutwa, na ukimbembeleza atakuambia urudi wiki ijayo.

Nimemtazama mara nyingi akiwa kazini. Kitabu kilichochanika hukilaza mapajani, akatazama mgongo kwanza, kisha akaziachia kurasa zifunguke zenyewe. Hapo ndipo anapomjua mwenye kitabu. Kurasa za mwanzo zikiwa zimelegea na za katikati zingali zimeshikamana tangu kiwandani, hutikisa kichwa: huyu alianza, akachoka. Biblia ikiangukia Zaburi kila anapoifungua, huishika polepole zaidi, kwa kuwa anaona mwenyewe alikuwa akikimbilia wapi siku za dhiki. Siku moja alikuwa na kamusi iliyochakaa kuanzia A hadi Z, pembe za kurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole. Nikamuuliza, “Mzee, hii ni ya mwalimu?” Akacheka. “Ni ya askari wa kambini. Anasomea mtihani wa kupanda cheo, lakini huyu hata akipanda hataiacha. Tazama alivyoila.”

Kushona kwenyewe hakuna madoido. Msharasi hupita kwenye matundu ya zamani yale yale, maana karatasi iliyotobolewa upya kando ya tundu la kwanza hukatika kabla ya mwezi kwisha. Uzi huuvuta juu ya kipande cha nta hadi uache kukwaruza. Gundi huipaka mgongoni kwa ncha ya kidole, kiasi cha kulowesha tu, akafunika kwa kitambaa cha turubai, kisha akakilaza kitabu chini ya kile chuma cha kugongea viatu mpaka asubuhi. Kikitoka hapo hakirudi kuwa kipya, ila hufunguka bila kulia na kujifunga bila kusukumwa.

Kusoma nako ni kazi ya fundi, ingawa tumekuwa tukikuhesabu kama jambo ambalo mtu hulimaliza akiwa mtoto, akishajua herufi. Kujua herufi si kusoma. Msomaji hurudia ukurasa uliomshinda, hubishana na mwandishi, hukumbuka jana alisoma nini kinachopinga cha leo. Ustadi huo huja kwa mazoea ya miaka, na ukiachwa hupotea.

Wa kwanza niliyemwona nao ni baba yangu, mwalimu wa daraja la P3 katika shule ya kijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya posta kutoka Kikuyu, yakisaidiwa na vipindi vya Sauti ya Kenya, na walimu wengi wa daraja lake wakayatumia kutafuta vyeti ambavyo hawakuwahi kuvipata darasani. Kijitabu kilipofika katika bahasha, nyumba nzima ilijua. Jioni watoto tulinyamazishwa, redio ikawekwa karibu na dirisha ishike mawimbi, koroboi ikavutwa mezani.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akimaliza ukurasa hakuufungua unaofuata. Aliufunika kwa kiganja, akafumba macho, akajisimulia kwa sauti ya chini yaliyoandikwa humo. Simulizi ikikwama, aliondoa kiganja na kuanza upya tangu mstari wa juu, bila hasira. Pambizoni aliandika kwa penseli tu, kamwe si kwa kalamu ya wino, akisema kwamba huenda mwakani akawa na akili zaidi na kutaka kufuta. Alipopandishwa daraja, cheti kilitiwa sandukuni pamoja na hati za shamba. Vitabu vilibaki mezani, na kiganja kikaendelea kufunika kurasa hadi macho yalipomwisha.

Bonde hili la Ufa halikosi watu wa namna hiyo. Mwaka 1979 serikali ilipoanza kampeni ya kufuta ujinga, akina mama walijaa katika madarasa ya ngumbaru, wengine wakiwa na watoto mgongoni, baada ya siku nzima ya kulima. Januari 2004 Kimani Ng’ang’a Maruge, akikisia umri wake kuwa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, kaptura na soksi ndefu mwilini. Ulimwengu ulimshangilia kwa umri wake, na mwaka uliofuata akasafirishwa hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Mimi humheshimu zaidi kwa sababu aliyoitoa: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri haisomi sawasawa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimhamisha, akaishia Nairobi, na huko pia akarudi darasani. Alifariki Agosti 2009. Hakuna mwajiri aliyekuwa akimsubiri na cheo.

Sisemi kwamba maandishi ya siku hizi hayana kazi. Lanet hii hii ilipata sifa mwaka 2012 kwa chifu wa Lanet Umoja, Francis Kariuki, aliyetuma ujumbe wa Twitter alfajiri wezi walipovamia nyumba ya mwalimu, majirani wakakusanyika na wezi wakatoroka. Maneno machache yaliokoa nyumba ya mtu. Lakini ujumbe wa aina hiyo ukishafanya kazi yake umekwisha, na akili iliyolishwa huo pekee huzoea kuita na kuitwa, isizoee kukaa na jambo.

Fundi wangu anaona matokeo yake sandukuni. Zamani, asema, aliletewa riwaya, atlasi, vitabu vya ufundi wa magari, vitabu vya ufugaji wa ng’ombe vilivyopitia mikono ya boma zima. Sasa huletewa Biblia, vitabu vya nyimbo, na miongozo. Hiyo miongozo ndiyo inayomuudhi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hupita riwaya ya mtihani, kama ilivyokuwa zamani *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora, bila kuifungua, akakariri muhtasari wa sura, maudhui na sifa za wahusika, akapata alama nzuri na kutoka bila kukutana na hata mhusika mmoja. Kisha mtihani wa mwisho ukiisha, katika shule nyingine vitabu huraruliwa na kurushwa hewani kwa shangwe, vingine vikachomwa moto. Watu wazima tunaangalia na kusema ni furaha ya ujana.

Lakini ujana huo uliyaona hayo wapi? Sisi ndio tulioufundisha kwamba kitabu ni daraja la kuvukia hadi kwenye ajira, na aliyekwisha kuvuka hana haja ya kurudi nyuma. Mhandisi aliyeacha kusoma siku ya mahafali anaendesha kazi kwa elimu inayozeeka naye. Mwalimu anafundisha kwa madaftari aliyoyaandika chuoni. Tukiambiwa kazi zinabadilika, tunakimbilia kozi ya wikendi yenye cheti cha kutundika ukutani, na baada ya hapo kimya. Sebuleni pana runinga pana kuliko meza, na kabati la vyombo vya wageni. Vitabu, kama vipo, ni vya shule, na vitatolewa mtoto akimaliza.

Fundi hana mwanafunzi. Vijana wawili walikuja, wakajifunza kushona soli, wakaondoka kabla ya kufika kwenye vitabu kwa kuwa havilipi. Yeye hawalaumu, nami siwalaumu. Ninaowalaumu ni wazazi wa rika langu, tunaokutana kwenye mikutano ya shule tukilalamika kwamba watoto wetu hawasomi. Mwalimu akituuliza watoto hao wametuona sisi tukisoma nini mwaka huu, na lini, sijui ni wangapi kati yetu watakaopata la kujibu.