Mbegu ya Mathenge Hailishi Mpaka Ivunjwe

Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ya Baringo ilimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno, awe ushahidi wa madhara ya mathenge. Mti huo uliingia Kenya mwaka 1973 ili kufufua machimbo ya Bamburi, Mombasa, kisha ukapandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maganda yake ni matamu, na mifugo huyakimbilia. Sukari na nyuzinyuzi hunasa kwenye meno na kuyaozesha, huku mbegu nyingi zikipita tumboni nzima na kuota palipoangukia samadi.

Hasara ya lishe iko hapohapo. Ganda zima lina protini kama asilimia 12, lakini mbegu ina zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, nayo imefungiwa ndani ya gamba lisiloyeyuka tumboni. Mfugaji anapoteza sehemu iliyo bora, na papo hapo anajipandia mathenge mengine malishoni.

Ndiyo maana Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ilihimiza kusaga. Mashine ya nyundo inayosaga mahindi inatosha. Kazi ngumu ni kukausha. Ganda lenye unyevu likigongwa, sukari yake na gundi iliyo ndani ya mbegu hugeuka rojo na kuziba matundu ya chekeche. Kwa hiyo maganda yaliyoiva huanikwa mpaka yakipindwa yakatike kwa mlio, kisha husagwa jua likiwa kali. Chekeche liwe na matundu madogo kuliko mbegu, na unga ukaguliwe kwa vidole: ukikuta mbegu nzima, rudia kusaga. Unga huvuta unyevu upesi na kugandamana, basi sagia matumizi ya karibu tu, na maganda yaliyobaki yakingwe dhidi ya fukusi.

Hata hivyo, unga huu usiwe chakula pekee. Huko Brazil, ng'ombe waliolishwa maganda kwa wingi na kwa muda mrefu walidhoofika misuli ya taya hadi kushindwa kutafuna. Changanya na nyasi kavu na pumba, unga ukiwa kama moja ya tano ya mlo. Kwa kuku, mbegu zipate moto kwanza, kwa kuwa zina vizuizi vya umeng'enyaji wa protini.

Juba, Sudan Kusini, ina nafasi nzuri ya kuiga kazi hii kwa maganda ya migunga ya kwao, ambayo mbegu zake nazo hutoka nzima kwenye samadi. Kusaga hakuondoi tanini iliyomo kwenye maganda hayo, hivyo kipimo kianze kidogo. Wafugaji Wamundari wako jirani, Terekeka, na matishari ya mizigo yanayoondoka Bandari ya Juba kuteremka Nile hadi Bor na Malakal yangeweza kuwafikishia wengine magunia ya unga nyasi zinapokwisha. Mathenge yenyewe nisingeyakaribisha mtoni, maana kule Bura, kando ya Mto Tana, yamevamia mashamba ya umwagiliaji. Gunia la maganda yake likifika bandarini kutoka kokote, lisagwe kabla ya kupakiwa.