Gumba la Likasi kwenye Besi ya Luano

Miaka yote nimeipigia kwaya yetu, huku Luano karibu na uwanja wa ndege, besi ya vidole viwili: shahada na cha kati, kimoja kikimpokea mwenzake. Mwaka huu nimekipumzisha cha kati. Najifunza gumba.

Aliyenivuta ni mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, akiwa na gitaa kavu moja na mkono wa kulia unaopiga kwa gumba na shahada tu. Asiyejua huapa kwamba wapigaji ni wawili. Usikilize wimbo wake Masanga kwa chini. Gumba lina safari yake, shahada inapita juu, mara imetangulia kidogo, mara imebaki, wala havigongani. Siku nilipolisikia lile gumba nilijua Katanga ilikuwa na mpiga besi kabla besi ya umeme haijatufikia. Na kampuni ya Fender walipotoa besi yao ya umeme, Precision, mwaka 1951, waliweka kishikio cha vidole upande wa uzi mwembamba, ili gumba ndilo lipige!

Kazi yenyewe iko kwenye ukingo wa kiganja. Unaulaza juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja. Ukikandamiza, noti inazimika. Ukilegeza sana, inavuma ovyo. Katikati pana mahali pembamba mno ambapo sauti hutoka nene na fupi, kama mchi unaotwanga nyumba ya pili. Gumba linashuka kwenye uzi mnene na kutua juu ya uzi unaofuata. Shahada inachokoa oktava kutoka chini, kwenye uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mnene.

Umeme ukikatika naegemeza taya kwenye mbao ya besi. Sauti inapita mfupani, na gumba likichelewa, meno yanajua.

Papa mmoja jirani, aliyekulia kwenye nyimbo za Mwenda na Edouard Masengo, alinisikiliza jioni nzima kimya. Halafu akasema: "Mutoto yangu, usikimbize gumba. Iache itembee, ile ingine itakuya yenyewe."

Nikapunguza mwendo, hata noti nne zikachukua muda wote wa ndege kupita juu ya paa letu na kutua uwanjani. Wiki nzima noti nne. Ndipo shahada ikaacha kulivuta gumba.

Noti ndefu sijaziacha, nyimbo za kuabudu zinazitaka. Lakini noti fupi ya gumba inaacha nafasi nyuma yake, na sikujua besi inaweza kuwapa wengine nafasi namna hiyo. Jumapili iliyopita niliijaribu katika wimbo wa pili. Kina mama wa sauti ya kati waliingia palepale noti ilipokatika, na mpiga dramu akageuka kunitazama, akashusha mkono, akaendelea kwa kugusagusa tu ili asikie.